Mwalimu wa Kiswahili wa Berlin na wafu wetu wa 1941



Ile siku umeme ulirudi saa tano ya usiku. Telefone ikapata moto, na ujumbe wa kwanza kuingia ulikuwa foto. Aliyeituma ni rafiki niliyesoma naye agronomia. Yeye alipata bursi, sasa anafanya masta Ujerumani. Foto ilikuwa ya kitu kidogo: bamba la shaba njano, ukubwa wa kiganja, limepandwa kati ya mawe ya njia ya wapita kwa miguu. Juu yake maandishi ya Kijerumani, na katikati ya maandishi jina: Mahjub bin Adam Mohamed. Chini ya foto rafiki aliuliza swali moja tu: "Huyu si mtu wa kwetu?"

Wa Kongo, hapana. Lakini alikuwa mtu wa Kiswahili, na historia yake ilininyima usingizi. Nimeisoma usiku ule na siku zilizofuata, na imenirudisha mpaka hapa Lubumbashi, kwa jambo la nyumbani kwetu ambalo nilikuwa ninaliacha lilale.

Mahjub alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, wakati Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani. Baba yake alikuwa askari Msudani katika jeshi lao. Vita ya 1914 ilipoanza, mtoto alikuwa na miaka kumi, akamfuata baba jeshini. Sisi Wakongomani tuna jina la mtoto wa namna ile, hatuhitaji kamusi: kadogo. Alipata jeraha katika mapigano ya Mahiwa, mwaka 1917, akashikwa na Waingereza. Vita ile ile njo iliwapeleka wazee wetu wa Force Publique mpaka Tabora mwaka 1916, wao wakiwa upande mwingine wa risasi.

Vita iliisha, mishahara haikulipwa. Mwaka 1929 akafika Berlin kudai deni: mshahara wake na wa baba yake. Wizara ya mambo ya nje ikamujibu kwamba muda wa kudai umekwisha. (Ninyi wenye wazazi waliofanya kazi miaka thelathini na kungojea malipo ya mwisho mpaka leo, mnajua jibu hili hata bila kufundishwa Kijerumani.) Akabaki kule. Alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa akiwahudumia wateja katika nyumba kubwa ya starehe, Haus Vaterland, na katika chuo kikuu cha Berlin alisaidia kufundisha Kiswahili. Ninamuona kichwani, mbele ya oditware, anawarudilisha vijana wa Kijerumani: kiti, viti, kitu, vitu. Alicheza pia katika sinema, kila mara kazi ya boyi au ya askari mwaminifu. Ya mwisho ilikuwa Carl Peters, ya 1941, filamu ya kumsifu mtu aliyeiteka nchi yake.

Alimuoa mwanamke wa Kijerumani mwezi wa kwanza 1933, mwezi ule ule Hitler alipopanda kwenye kiti. Mwaka 1941, mwezi wa nane, alikamatwa; kosa lake lilikuwa kupendana na mwanamke mweupe. Hakupelekwa mbele ya korti yoyote. Alitupwa katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, na alikufa mle tarehe 24 Novemba 1944.

Niseme ukweli: hakuwa shujaa vile tunavyopenda mashujaa. Hakutega bomu, hakuandika barua za siri. Aliipenda Ujerumani, aliomba hata medali ya watu waliopigana vita ya kwanza, wakamunyima. Ukimsoma kwa haraka utasema ni mtu aliyejidanganya. Lakini jiwe hawakumuwekea juu ya ushujaa. Walimuwekea juu aliishi pale, Brunnenstraße namba 193, na watu wakamuondoa pale wakamuua. Basi. Jiwe lake lilipandwa mwaka 2007.

Mawe haya yanaitwa Stolpersteine, maana yake mawe ya kujikwaa. Aliyeyaanzisha ni msanii Gunter Demnig, katika miaka ya 1990. Kila moja ni kipande cha saruji chenye bamba la shaba njano juu, karibu sentimita kumi kwa kumi. Maandishi yanagongwa kwa nyundo, herufi kwa herufi. Linawekwa mbele ya nyumba ya mwisho ambamo mtu alikaa kwa hiari yake: Myahudi, Muroma, mgonjwa wa akili, mpinzani wa siasa, au mtu mweusi kama Mahjub. Jiwe moja ni la mtu mmoja. Mwaka 2023 waliweka la 100,000, na sasa yako katika nchi karibu thelathini.

Ninajua wengi wenu mnawaza nini, juu mimi pia niliwaza vile: shaba, chini, njiani, usiku, bila mlinzi? Hapa kwetu lingemaliza siku ngapi? Mtu wa mitraye angepita na gunia, asubuhi jiwe liko kwenye mizani.

Kumbe hata kule yanaibwa. Mwaka 2012, katika mji wa Greifswald, mawe yote kumi na moja ya mji yaling'olewa usiku wa tarehe 9 Novemba, siku ambayo Wajerumani wanakumbuka namna maduka na sinagogi za Wayahudi zilivyovunjwa mwaka 1938. Roma, mwezi wa kumi na mbili 2018, waliiba mawe ishirini barabara moja. Mji wa Zeitz, Oktoba 2024, mawe kumi. Wezi wa namna hii hawana haja na bei ya shaba, wanataka jina lenyewe lipotee. Na kuna watu wasiopenda mawe haya kwa nia njema: mji wa München unayakataza kwenye ardhi ya mji tangu 2004, juu viongozi wa Wayahudi wa pale walisema si heshima jina la marehemu kukanyagwa na viatu. Kule wanaweka mabamba ukutani na nguzo ndogo. Mimi ninawaelewa. Bibi yangu pia asingekubali jina la mtu wake likae chini ya miguu.

Lakini tazameni kilichofuata wizi. Greifswald, Roma, Zeitz: mawe yote yalirudi. Si yale yale, mapya. Yaligongwa upya yakapandwa fasi ile ile, na kule Zeitz michango ya watu ilipita mbali bei ya mawe kumi. Iliwezekana juu kila jiwe lina kitabu nyuma yake. Kuna orodha: jina, nyumba, siku ya kukamatwa, kambi, nani aliomba jiwe, nani alilipa (karibu euro 120), na karatasi gani inashuhudia. Mwizi alichukua bamba, hakuchukua orodha. Tena kuna watu wa mtaa, mara nyingi wanafunzi, wanaopiga magoti wakayasugua mpaka yang'ae, juu shaba njano inakuwa nyeusi ukiiacha. Anayelisugua njo wa kwanza kuona kama halipo.

Hapa nitawaeleza aibu yangu ya kiagronome, itasaidia. Wakati wa memwari yangu nilifanya jaribio la mahindi: aina sita, marudio manne, parseli ishirini na nne. Kila parseli ilikuwa na etiketi, kipande cha bati nilichokata kwenye makopo ya maziwa, nikaandika namba kwa msumari, nikakifunga kwenye kijiti. Wiki ya saba nikafika shambani: etiketi hakuna. Watoto walikuwa wamezichukua kutengeneza magari. Mahindi yalisimama pale, mazuri, ya kijani, na mimi sikujua ipi ni ipi. Mnajua maana yake: shamba likikosa majina ni mboga tu, si jaribio tena. Kilichoniokoa ni ukurasa mmoja wa kaye ambamo nilichora mpango wa shamba siku ya kupanda. Marudio mawili ya kwanza nilikuwa nimeyachora, nikayarudishia majina. Mawili mengine nilisema nitachora kesho. Yalipotea, na mbele ya juri nilitetea nusu ya kazi.

Sasa turudi mwaka 1941, lakini hapa. Miezi mine baada ya Mahjub kukamatwa Berlin, Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, kulitokea mambo ambayo sote tumeyasikia nusu. Ubelgiji ilikuwa chini ya Hitler, lakini Kongo ilibaki upande wa Uingereza, na vita ilikuwa inataka shaba yetu kwa risasi na makombora. Union Minière ikasukuma kazi. Bei ya vitu sokoni ikapanda, mshahara ukabaki chini. Wafanyakazi wazungu walitangulia kugoma mwaka ule. Halafu weusi wakasema na sisi tunakula. Kwanza waligoma Likasi (Jadotville), na hapo tayari risasi ziliwaangusha watu. Tarehe 9 Desemba, umati wa wafanyakazi wa Élisabethville ulikuwa umekusanyika kwenye uwanja wa mpira. Gavana wa jimbo alikuja na askari. Msemaji wa wafanyakazi alikuwa karani, Léonard Mpoyi. Katika masimulizi ya mji, gavana mwenyewe njo alimpiga Mpoyi risasi ya kwanza. Kilicho hakika ni kwamba Mpoyi aliuawa pale, na askari wakafyatua juu ya watu. Serikali ilikubali makumi ya wafu. Wazee wa kambi wanasema walikuwa zaidi.

Ni vita ile ile. Serikali mbili zilizokuwa maadui, moja inaua mwalimu wa Kiswahili juu ya rangi ya ngozi yake, nyingine inaua wachimba shaba juu ya kuomba nyongeza. Sisemi ni sawa kwa kipimo, Hitler alijenga viwanda vya kuulia watu. Ninasema tarehe ni jirani kabisa, na mmoja ana jiwe mbele ya nyumba yake.

Mpoyi, angalau jina lake limebaki, na si kwa jiwe. Lilibaki kwa midomo, na kwa wachoraji wa mji huu. Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yetu katika miaka ya 1970, alichora pia mauaji ya wagomaji. Picha za namna ile zilitundikwa kwenye salon za watu wa kawaida, kando ya saa na kalenda. Kwa miaka mingi salon njo ilikuwa makumbusho yetu. Baadaye mradi wa Mémoires de Lubumbashi, pamoja na maprofesere wetu kama Dibwe dia Mwembu, ulikusanya masimulizi ya wafanyakazi. Kazi kubwa, nendeni muisome. Lakini wale wengine wa uwanjani? Nimezunguka mji huu tangu utoto, nimeuza maji ya mifuko kwenye mechi, sijakuta fasi majina yao yameandikwa.

Na si mji tu. Vijijini, vita ile ilikuwa na uso wa mtu tunayemjua: agronome. Kilimo cha lazima kilianza 1917, pamba juu ya yote, na mwaka 1942 siku za kazi ya lazima ziliongezwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Aliyekagua shamba, aliyeandika jina la mtu wa kutozwa faini au kufungwa, alikuwa mkuu wa eneo pamoja na agronome na moniteri wake. Nilipofanya staji upande wa Lomami, mzee mmoja aliniuliza kazi yangu. Nilimujibu kwa fahari. Akacheka, akawaita wajukuu: "Njooni muone agronome asiyekuwa na fimbo." Watu walicheka. Mimi nilicheka kwa nusu. Miaka mitano ya masomo, hakuna hata saa moja tuliyoambiwa jambo hili.

Nilisema kuna jambo la nyumbani. Bibi yangu, mzaa baba, alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi. Mdogo wa baba yake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, bado kijana, bila mke. Bibi hakumuona, alikuja baadaye, lakini alilisikia kwa mama yake mara nyingi mpaka analisema kama aliyeona: "Ile siku alivala koti yake ya muzuri. Alisema, nitarudia mangaribi. Habakumurudisha ata mwili." Hatujui alizikwa wapi. Familia ilifanya kile familia zetu zinachofanyaka: ilimpa mtoto jina lake, na huyo alipokufa ikampa mwingine. Huyo mwingine ni mimi. Mimi ni majina yake. Kwa miaka ishirini na nane nimebeba jina hili kwenye kadi ya shule, kwenye orodha ya minervali, kwenye diplome, na sikujiuliza hata siku moja kwamba jiwe la yule mzee njo mimi mwenyewe, jiwe linalotembea, linaloweza kugongwa na pikipiki kesho likaisha.

Rafiki mmoja wa asosiasioni yetu, nilipomueleza, alinijibu kwa ukali: "Wewe unaacha wafu wa jana unashika wa 1941? Beni je? Goma je? Kisangani je?" Ana haki ya kukasirika. Lakini Kisangani njo inanipa nguvu. Mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katikati ya mji ule, na makombora yalianguka juu ya nyumba za watu ambao vita haikuwa yao. Kongo iliishitaki Uganda La Haye kwa vita nzima ya 1998 mpaka 2003. Mwaka 2005 tulishinda. Kwa fidia, nchi yetu ilidai zaidi ya dola bilioni 11 na ikataja raia 180,000 waliokufa. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikatoa dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa ajili ya watu. Hesabu ya wafu ambao Uganda inawajibika juu yao, majaji waliiweka kati ya 10,000 na 15,000, juu ushahidi wa kufika mbali zaidi haukuwepo mezani. Kuna siasa ndani, kuna sheria ndani, sikatai. Lakini vilevile kuna kaye ambazo hazikuandikwa: nani, avenyu gani, siku gani, nani aliona. Nilipotetea nusu ya memwari nilipoteza alama chache tu. Kule zilipotea familia nzima nzima.

Kwa hiyo wale walioniandikia wakitaka tukusanye michango tujenge mnara, ninawaomba tusianze na saruji. Mnara bila orodha, siku ukipasuka au ukibandikwa matangazo ya bia, hakuna atakayejua cha kurudishia. Na shaba tuisahau, katika mji huu shaba ina miguu. Saruji yenye herufi zilizochongwa inatosha, au bamba la udongo wa kuchoma; mwizi hana wa kumuuzia. Ikiwa ni ukutani, bibi atafurahi. Tena sioni lazima tungoje ruhusa ya uwanja wa mji. Jiwe la Mahjub liko mbele ya nyumba, na mtu wetu pia alitoka nyumbani siku ile, akiwa amevaa koti yake. Kambi zile bado zipo, nyumba nyingi bado zinakaliwa, na mwenye nyumba akikubali, ukuta wake unatosha.

Kazi ya kwanza ni ya bei ya kaye moja. Wenye babu au bibi waliokulia kambi za Union Minière, Lubumbashi au Likasi, waulizeni kabla ya Krismasi. Andikeni jina, kambi, kazi aliyofanya, kijiji alikotoka, na jina la mwenye kukueleza pamoja na siku alipokueleza. Kama masimulizi mawili hayapatani, andikeni yote mawili, msichague. Tarehe 9 Desemba tutaleta kaye zetu fasi moja, tutazinakili mara tatu, na nakala hazitalala nyumba moja.

Mimi nimeanza jumapili iliyopita. Nilikaa na bibi nyuma ya nyumba, yeye anachambua lengalenga, mimi ninaandika. Nilipomaliza nikamsomea. Alinisimamisha kwenye jina. Akasema sivyo linavyotamkwa, karani wa kambi njo aliliandika vibaya, na tangu hapo kila mtu anafuata kosa la karani, mpaka diplome yangu. Akalisema tena polepole, mara mbili, akingojea kalamu yangu. Nikafuta, nikaandika upya.